Namna ya Kuamua Wakati wa Kuomba Chuo Kikuu Baada ya Matokeo ya Kidato cha Sita Yasiyoridhisha

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hutangaza matokeo ya kidato cha sita mwezi Julai. Mwaka 2023 na mwaka 2024 yalitoka tarehe 13 ya mwezi huo. Muda mfupi baadaye Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hufungua dirisha la kwanza la udahili, na mwanafunzi ambaye alama zake ziko chini ya alivyotarajia hutakiwa kuamua jambo kubwa akiwa bado na uchungu. Wapo wanaoomba kozi yoyote itakayowapokea ili mradi Oktoba isiwakute nyumbani, na wapo wanaonyamaza kwa kukata tamaa hadi madirisha yote yamefungwa. Wote wawili wanasukumwa na aibu zaidi kuliko hesabu.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kijana huyo pamoja na mzazi au mlezi wake, na unahusu njia tatu zilizo mbele yao: kuomba mwaka huu, kusubiri mwaka mmoja huku mtihani ukirudiwa, au kuingia chuo kikuu baadaye kwa kupitia stashahada. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kalenda ya udahili nchini Tanzania imepangika kwa namna ambayo mtu mwenye sifa anaweza kuomba kwanza, akaona amepata nini, na bado akawa na siku za kutosha kujisajili kurudia mtihani. Hakuna anayelazimika kuamua yote katika wiki ya kwanza ya matokeo.

Soma matokeo yako kama chuo kinavyoyasoma

Familia nyingi hupima matokeo kwa daraja, na hapo ndipo uamuzi unapoanza kwenda kombo. Daraja ni hesabu ya NECTA: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, pointi za masomo matatu ya tahasusi hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye aliyefanya vizuri zaidi. Vyuo vikuu havipangi waombaji kwa hesabu hiyo. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016, TCU huhesabu kutoka upande wa pili, yaani A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu pointi. Alama kuanzia A hadi E ndizo wanafunzi wanazoziita prinsipo, na S ni sabsidiari. Sharti la chini kabisa la kuingia shahada ya kwanza ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0, tena katika masomo mawili yanayotajwa na kozi inayoombwa.

Tofauti ya hesabu hizi mbili inaweza kugeuza kabisa hali ya mtu. Chukua wanafunzi wawili, mmoja akiwa na E tatu na mwingine akiwa na D mbili na F moja. Kwa NECTA wote wawili wana pointi 15 na wote wako daraja la tatu. Nyumbani na mtaani yule wa kwanza ataonekana afadhali, kwa kuwa hakufeli somo hata moja. Kwa TCU, mwenye E tatu ana pointi 2.0 tu katika masomo yake mawili bora, hivyo hana sifa ya kuomba shahada mwaka huo, ilhali mwenye F moja ana pointi 4.0 kamili na anaweza kuomba, mradi D zake mbili ziwe katika masomo yanayotakiwa. Kwa hiyo, kabla ya kumpigia simu mjomba yeyote anayejua mtu chuoni, keti na karatasi ufanye hesabu hii mwenyewe.

Hatua inayofuata ni kufungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika, ambao hupatikana bure katika tovuti ya tume hiyo. Miongozo ni miwili: mmoja ni wa waombaji wenye sifa za kidato cha sita, na mwingine ni wa wenye stashahada na sifa nyingine linganishi. Katika jedwali la kila chuo utaona kozi, masharti yake, pointi za chini zinazotakiwa na chuo, muda wa masomo, na idadi ya nafasi. Watu wengi husoma safu ya masharti wakaishia hapo. Safu ya nafasi nayo ina uzito mkubwa, kwa sababu kozi yenye nafasi chache inayopendwa na wengi haimfikii mwenye alama za chini, hata kama masharti yanamruhusu.

Udaktari wa binadamu ni mfano mzuri. Mwongozo hutaka prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia zisizopungua D kila moja, yaani pointi 6. Mwenye D tatu anaruhusiwa kuomba, lakini nafasi katika chuo kama Muhimbili hujazwa kuanzia kwa wenye alama za juu, na wenye alama hizo hawapungui. Sharti la chini linakupa haki ya kusimama kwenye foleni tu; halikuambii foleni ina urefu gani.

Kuna kikwazo kingine ambacho hugunduliwa kwa kuchelewa, nacho ni cheti cha kidato cha nne. Kozi nyingi za uchumi, uhasibu na biashara zinamtaka mwombaji ambaye hakusoma Hisabati ya juu awe na angalau sabsidiari ya hisabati ya kidato cha sita, au ufaulu wa Hisabati ya kidato cha nne. Mwenye F ya Hisabati ya kidato cha nne anaweza kuwa na pointi nzuri za kidato cha sita na bado akakataliwa. Angalia kalenda kabla ya kukimbilia kurisiti somo hilo, yaani kurudia mtihani wake: usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, mtihani hufanyika Novemba, na matokeo hutoka Januari inayofuata. Anayegundua tatizo hili mwezi Julai atakuwa ameshapitwa na usajili wa mwaka huo, kwa hiyo njia hiyo itamfikisha dirisha la udahili baada ya miaka miwili. Kwa mtu wa namna hiyo, kozi isiyodai Hisabati, au stashahada ya miaka miwili, huwa na maana zaidi.

Tarehe zinazoamua

Ratiba kamili hubadilika kidogo kila mwaka, lakini mpangilio wake haubadiliki sana. Matokeo hutoka Julai. Dirisha la kwanza la udahili huanza mwezi huohuo na kuendelea hadi Agosti, na dirisha la pili hufunguliwa takriban mwanzoni mwa Septemba kwa ajili ya kozi ambazo hazijajaa. Maombi ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) huanza kupokelewa mapema, mara nyingi Juni, kabla hata ya matokeo. Wakati huohuo, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha sita huanza Julai na kuendelea hadi mwisho wa Septemba kwa ada ya kawaida, kisha Oktoba kwa faini. Mtihani wenyewe hufanyika Mei.

Ukiziweka tarehe hizi upande kwa upande, utaona kwamba majibu ya dirisha la kwanza, na mara nyingi hata ya dirisha la pili, hutoka kabla usajili wa kurudia mtihani haujafungwa. Huu ndio msingi wa ushauri wangu wote kwa mwenye pointi 4.0 na kuendelea: omba mwezi Julai, subiri majibu, na ukiona ulichopata si kitu unachoweza kukisoma kwa miaka mitatu au minne kwa moyo, usithibitishe udahili huo, nenda ukajisajili kurudia mtihani kabla Septemba haijaisha. Gharama ya kufanya hivyo ni ada ya maombi na usumbufu kidogo. Faida yake ni kwamba uamuzi wa kusubiri utakuwa umefanywa na mtu anayejua anachokiacha.

Mwenye pointi chini ya 4.0 yuko katika hali nyingine. Yeye hana haja ya kuhangaika na dirisha la shahada, wala kumlipa mtu anayemwahidi kumpenyeza, kwa sababu majina ya waliodahiliwa hupitia TCU na asiye na sifa huondolewa. Nguvu zake za Julai azielekeze kwenye kurudia mtihani au kwenye stashahada.

Kama unaamini kabisa kwamba alama ya somo fulani haiendani na ulichokiandika, zipo taratibu za rufaa NECTA, na muda wake ni mfupi, hivyo mwone mkuu wa shule mara moja. Usisimamishe mipango mingine kwa kutegemea rufaa.

Jambo jingine linalovuruga kalenda ni mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, ambayo yalirejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Wengi wao huwa kambini wakati matokeo yanatoka na dirisha la kwanza linafunguliwa. Kabla ya kuripoti kambini, acha nyumbani kwa mtu unayemwamini nakala za vyeti, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo), namba yako ya mtihani wa kidato cha nne na wa sita, na orodha ya kozi ulizozifikiria kwa kila hali ya matokeo: yakiwa mazuri, yakiwa ya wastani, yakiwa mabaya. Orodha hiyo iandikwe Mei, wakati akili imetulia. Mzazi anayejaza fomu bila orodha hujaza anachokijua yeye, na anachokijua yeye mara nyingi ni sheria, udaktari na uhasibu.

Ukiamua kuomba mwaka huu

Anayeomba akiwa na alama za chini anahitaji upana. Omba vyuo kadhaa, na katika kila chuo panga kozi kwa kuzingatia idadi ya nafasi pamoja na masomo yako, ukianza na ile unayoitaka zaidi ambayo bado iko ndani ya uwezo wa alama zako. Usielekeze macho yote Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Dodoma, Sokoine cha Morogoro, Mzumbe, Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya vina kozi ambazo mwombaji wa pointi 4.0 au 5.0 anaweza kuzipata, na kozi za kilimo, misitu, elimu, ushirika na takwimu hupuuzwa na vijana wengi kwa sababu tu hawajawahi kumwona mtu wa karibu aliyezisomea.

Kabla ya kuiweka kozi katika orodha, tafuta masomo ya mwaka wake wa kwanza na uyasome yote. Jina la kozi halitoshi. Kijana aliyepata S ya Hisabati na akaomba kozi yenye jina zuri, akakuta mwaka wa kwanza umejaa hisabati na takwimu, amejiwekea njia ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Aliyedisko baada ya mwaka mmoja akiwa ana mkopo huondoka na deni, na deni hilo litarejeshwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wake siku atakapoajiriwa, iwe alimaliza shahada au hakumaliza. Hili ndilo linalonifanya niseme kwamba mwaka mmoja wa kusubiri kwa mpango ni nafuu kuliko kozi uliyoingia kwa kukimbia aibu.

Wapo wanaojipa moyo kwamba wataingia kozi yoyote kisha watahama. Uhamisho upo, lakini hauondoi sharti la sifa: kama Julai hukuwa na sifa za kuingia kozi fulani, hutazipata Novemba kwa kujaza fomu ya kuhama. Ingia kozi ambayo, usipopata nafasi ya kuhama, utaimaliza.

Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa kutumia namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako, ndani ya muda uliotangazwa. Hakikisha laini ya simu uliyoiandika iko hewani na iko mikononi mwako, kwani wapo wanaotumia laini ya mtu wa stesheneri aliyewajazia fomu kisha wakaikosa namba hiyo. Ukichaguliwa, ukathibitisha, halafu fedha zikakosekana, usipotee kimya. Andika barua chuoni kuuliza utaratibu wa kuahirisha masomo.

Ukiamua kusubiri na kurudia mtihani

Swali la kwanza la kujiuliza ni kwa nini alama zilishuka, na jibu lazima liwe la kweli hata kama linauma. Aliyeugua miezi ya mwisho, aliyefiwa, aliyesoma shule isiyo na mwalimu wa Fizikia kwa muda mrefu, huyo ana sababu iliyo nje yake, na sababu hiyo ikiondoka kuna tumaini la haki kwamba alama zitapanda. Aliyesoma kwa bidii, akiwa na walimu na vitabu, na bado akapata E na S katika tahasusi aliyochaguliwa na baba yake, yuko katika hali tofauti. Kumrudisha katika PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ileile kwa mwaka wa tatu ni kumwadhibu, na mimi simshauri mzazi yeyote kufanya hivyo.

Pima pia umbali unaotakiwa kuusafiri. Kutoka E kwenda D katika somo moja, ili pointi zifike 4.0, ni lengo linalofikika kwa miezi tisa ya kusoma kwa mpangilio. Kutoka S tatu hadi alama za kushindania udaktari ni safari ambayo wachache huimaliza kwa mwaka mmoja, na anayeichagua ajue hivyo tangu siku ya kwanza. Kama unahitaji kuinua somo moja au mawili tu, andikia chuo unachokilenga ukiuliza namna kinavyosoma matokeo ya vikao viwili tofauti, na uyahifadhi majibu yake, ndipo uamue ni masomo mangapi ya kusajili.

Usajili wa mtahiniwa wa kujitegemea hufanyika kupitia kituo kinachotambuliwa na NECTA, ambako utapewa namba rejea ya kuendelea na usajili mtandaoni. Namba za vituo hivyo huanza na herufi P, na kituo cha masomo ya ziada kisichoweza kukuonyesha utafanyia mtihani kituo gani kisikuchukulie fedha. Kwa masomo ya sayansi, chagua kituo chenye maabara inayofanya kazi, na uliza mapema kama watahiniwa wa kujitegemea wanaruhusiwa kufanya mazoezi ya vitendo humo kabla ya mtihani. Wengi hukutana na vifaa kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani. Na kwa kuwa mitaala iliyoboreshwa imeanza kutekelezwa kwa awamu tangu Januari 2024, hakikisha unajua mtihani wako utatungwa kwa muhtasari upi wa somo, kabla ya kurithi madaftari ya dada au kaka yako.

Mwaka wa kusubiri unahitaji makubaliano ya nyumbani, na hapa nazungumza na wazazi moja kwa moja. Kijana akibaki nyumbani, kila mtu humwona kama mtu asiye na kazi. Wa kiume hutumwa dukani na shambani; wa kike huachiwa jiko, wadogo zake na wagonjwa wa ukoo mzima, na kabla mwaka haujaisha maneno ya posa huanza kupita. Binti aliyepewa mwaka wa kurudia mtihani bila kupewa saa za kusoma hakupewa kitu. Kaeni chini mwezi Julai au Agosti, mkubaliane saa ambazo haguswi, chumba au mahali pa kusomea, fedha za masomo ya ziada na za usajili, na ni nani atakayefanya kazi alizokuwa akizifanya. Kama nyumbani hapawezekani, kukaa kwa shangazi au bibi aliye karibu na kituo kizuri kunaweza kuwa jibu, mradi shangazi naye aelezwe mgeni amekuja kufanya nini. Katika wiki za mwanzo msimlinganishe na mtoto wa jirani. Kijana aliyejifungia, asiyekula wala kulala vizuri, anahitaji mtu wa kukaa naye na, hali ikizidi, apelekwe hospitali kuzungumza na mtaalamu. Udahili unaweza kungoja.

Kuhusu mkopo, wengi huogopa kwamba kusubiri kutawaondolea nafasi. Mwongozo wa HESLB umekuwa na ukomo wa umri wa miaka 35 na ukomo wa miaka tangu mwombaji amalize masomo yaliyompa sifa, na mwaka mmoja wa kusubiri haumfikishi mhitimu wa kawaida kwenye ukomo wowote kati ya hiyo. Fomu ya mkopo ina ada yake na mkopo hautoki bila udahili, kwa hiyo aliyekwisha kuamua kusubiri atunze fedha hiyo hadi mwakani. Atumie mwaka huo kukamilisha nyaraka: uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, na vyeti vya vifo kama amefiwa na wazazi. Atakapoomba, namba ya kidato cha nne anayoitumia HESLB iwe ileile anayoitumia kuombea chuo, kwani tofauti ya namba huwafanya wengi wakose bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, wakiwa tayari wako darasani.

Njia ya stashahada na ya mwaka wa awali

Stashahada huzungumzwa kama adhabu ya waliofeli, na maneno hayo yamewagharimu vijana wengi. Vyuo vinavyosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET) hupokea kwa kawaida mhitimu wa kidato cha sita mwenye prinsipo moja na sabsidiari moja, na stashahada nyingi humchukua miaka miwili. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Chuo cha Elimu ya Biashara, Chuo cha Uhasibu Arusha na Taasisi ya Uhasibu Tanzania vina stashahada na shahada katika majengo yaleyale, kwa hiyo mwanafunzi anayeanza stashahada yupo tayari katika mazingira ya shahada anayoitaka.

Sharti la jumla la kupanda kutoka stashahada hadi shahada ni wastani wa alama za masomo (GPA) usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu usiopungua D nne za kidato cha nne, na stashahada yenyewe iwe katika fani inayotambuliwa na kozi ya shahada. Hapa ndipo mwongozo wa pili wa TCU unapohitajika, ule wa sifa linganishi, na usomwe kabla ya kuanza stashahada. Mtu anayelenga udaktari kupitia stashahada ya tabibu, kwa mfano, atatakiwa kuwa na D au zaidi za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Asiye na Hisabati akaanza stashahada hiyo atapata taaluma nzuri na kazi yenye heshima, lakini mlango wa shahada ya udaktari utakuwa umefungwa tangu siku aliyoingia, na ni haki yake kulijua hilo mapema. Ukimaliza stashahada utahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, ijulikanayo kama AVN, ndipo mfumo wa maombi ya shahada ukupokee. Iombe mara tu matokeo ya mwisho yanapotoka.

Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, HESLB hutoa mikopo pia kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo za afya na ualimu wa sayansi na hisabati. Kwa familia isiyo na uwezo, jambo hili peke yake linaweza kuamua njia.

Njia nyingine, isiyojulikana sana, ni programu ya awali ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Humpokea mhitimu wa kidato cha sita mwenye angalau pointi 1.5 katika masomo mawili, na akimaliza kwa GPA ya 3.0 katika masomo sita ya msingi, pamoja na C au zaidi katika masomo matatu ya mkondo wake, anapata sifa ya kuomba shahada. Yule mwanafunzi wa E tatu mwenye pointi 2.0 anaingia hapa. Kwake yeye, kurudia mtihani na programu hii huchukua muda unaokaribiana. Tofauti ni kwamba mtihani wa NECTA ni wa siku chache za Mei, na programu hupimwa hatua kwa hatua. Anayeshindwa na hofu ya chumba cha mtihani aipe njia hii uzito, akiisha kuhakikisha katika mwongozo wa sifa linganishi kwamba kozi anayoitaka inaitambua.

Kuhusu mawakala wanaotafuta wanafunzi wa kwenda nje, Julai ndiyo mwezi wao. Kusoma nje ni halali na wapo waliofanikiwa, lakini TCU hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda, na mwenye pointi zisizotosha nyumbani asilipe chochote kabla hajakiomba.

Pima tena mwezi Februari

Aliyechagua kurudia mtihani asisubiri Mei kujua anaelekea wapi. Mwishoni mwa Februari fanya mitihani ya majaribio ya masomo yote uliyosajili, kwa muda halisi, isahihishwe na mwalimu asiyekufahamu, kisha uhesabu pointi kwa kipimo cha TCU. Ikiwa zinakaribia lengo, endelea na uongeze mazoezi ya vitendo na maswali ya miaka iliyopita. Ikiwa hazijasogea kabisa, kuna vyuo vya NACTVET vinavyopokea wanafunzi wa cheti na stashahada katika muhula wa Machi, na maombi yake huwa wazi wakati huo. Unaweza kuomba huko huku ukibaki umesajiliwa kwa mtihani wa Mei, ukakiuliza chuo kabla ya kulipa ada kama ratiba yake ya vipindi na majaribio inagongana na tarehe za mtihani.